Likizo ya nyumbani: barua zenu kutoka China na majibu yangu

Wapendwa wasomaji, habari za siku nyingi. Kila mwezi wa sita ukikaribia barua zinaongezeka kutoka kwa watoto wetu wanaosoma China, kwa sababu vyuo vya kule vinafunga kiangazi, Julai na Agosti, na kwa wengi hiyo ndo nafasi pekee ya kuja kuwaona wazazi. Mimi mwenyewe nilisoma Wuhan miaka mitano, mmoja wa lugha na minne ya digrii, na katika miaka hiyo yote nilirudi nyumbani mara mbili tu, kwahiyo haya mambo siyasikii kwa watu. Nimechagua barua tano. Nilizisoma zote usiku mmoja nikaona nyingi zinazunguka kitu kilekile: watu wanaopendana wanafichana. Mtoto anaficha anavyoishi, nyumbani nao wanaficha yaliyotokea, na kila mmoja anajiambia "nisimpe mawazo mwenzangu".

Anti shikamoo. Nipo Nanjing mwaka wa pili, nasomeshwa na serikali ya China. Sijarudi nyumbani tangu nimekuja. Nimejibana mpaka nimepata hela ya tiketi, ila sasa naogopa kurudi. Baba kanitumia orodha, simu ya mjomba, viatu vya binamu, dada zangu wanataka nywele, na kwenye grupu la ukoo wameshaniandikia laki tatu za mchango wa harusi ya binamu mwezi wa nane. Mimi sina hata laki moja ya ziada. Nafikiria niwaambie chuo kimenikatalia ruhusa. Nishauri. Kijana wa Singida, Nanjing.

Marahaba mwanangu. Usidanganye. Ukisema chuo kimekataa mwaka huu, mwakani utasema nini? Mama yako atamaliza miaka mitatu hajakuona kwa sababu ya nywele na simu. Njoo, ila kabla hujakata tiketi piga hesabu mbele ya baba yako, hadharani, namba kwa namba.

Posho yenu ya digrii ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi (wa masters wanapata 3,000, wa PhD 3,500). Yuan moja ikicheza kwenye shilingi 350 hivi, hapo ni kama laki nane na sabini na tano. Sasa fikiria nyumbani wanaposikia mtoto analipiwa ada, analala bweni bure, halafu kila mwezi anawekewa laki nane na zaidi mkononi. Wanaona umeshakuwa na mshahara, na hawajakosea kuona hivyo kwa sababu upande wa pili wa daftari hujawahi kuwaonyesha. Hujawaambia kwamba unakula mara tatu kwa siku kwa hela hiyohiyo, kwamba kibali cha kuishi ni yuan 400 kila mwaka, kwamba koti la baridi siyo urembo, na kwamba kwa wengi wenu tiketi ya kurudi likizo haimo kwenye ufadhili. Pia hujawaambia kwamba China mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi hivihivi mpaka chuo kikubali na polisi wa uhamiaji wakubali. Nyumbani wanakulinganisha na yule aliyeko Uingereza, ambaye kwa kawaida anaruhusiwa mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wanasema mbona mwenzako anatuma. Kaelezee hilo.

Ntakwambia yangu. Wuhan ipo kusini mwa ule mstari ambao China wanaufuata kugawa miji inayopewa joto la mabomba na isiyopewa, kwahiyo wenzetu wa Beijing wakati wa baridi wanakaa chumbani na fulana, sisi tunalala na koti na soksi mbili. Mwaka wa kwanza theluji ilianguka, nikatoka nje nikapiga picha nacheka, nikaituma nyumbani, baba akaisafisha akaiweka kwenye fremu sebuleni. Wiki ile nilikuwa nakula tambi tupu kwa sababu hela iliisha tarehe 18. Ile picha ndo iliyoandika orodha ya baba, mwanangu. Niliporudi mara ya kwanza nikakuta karatasi imechanwa kwenye daftari la shule, mwandiko wake, majina kumi na nne na mbele ya kila jina kitu. Nikakaa naye barazani baada ya chakula nikaomba peni, nikaandika pembeni ya orodha ileile kinachoingia na kinachotoka, mwezi mmoja tu. Hakusema kitu muda mrefu. Akauliza, "hizi tambi unakula siku ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na kesho yake asubuhi yeye mwenyewe akawa anawapigia watu simu, "mtoto kaja mikono mitupu, anasoma, msimsumbue".

Kwahiyo acha baba yako ndo aseme. Maneno ya kukosa hela yakitoka kwa mtoto aliyetoka nje yanaitwa ubahili, yakitoka kwa baba ni taarifa.

Zawadi lete, ila ndogo. Simu unayoambiwa ulete ipo Kariakoo, tena ikileta matatizo kuna mtu wa kumrudishia, wewe utakuwa uko Nanjing. Mama mletee ile chupa ya chai ya kubeba mkononi wanayotembea nayo wazee wa kule asubuhi, bibi mletee dawa ya kuchua magoti, watoto pipi. Halafu safisha picha, nyingi, za darasani na za bweni, za kantini ukiwa na sahani yako, siyo zile za kwenye majengo marefu peke yake. Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri kuingiza vitu vipya bila ushuru mpaka kiwango fulani cha thamani, kwahiyo kwa zawadi za namna hiyo huna cha kuogopa. Ila mifuko ya plastiki ile ya dukani usibebee kitu, Tanzania imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Harusi sasa. Mpigie mwenyekiti wa kamati kabla hujafika, siyo kwenye grupu, mpigie. Mwambie uliyoandikiwa huna, utatoa elfu hamsini na mikono yako, uko tayari kubeba viti, kupokea wageni stendi, kulala kwenye turubai kulinda vyombo. Kijana aliyetoka China halafu anaonekana anabeba masufuria, hakuna atakayekumbuka laki tatu.

Anti, nipo Guangzhou. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa nyumbani tunamfahamu pale Xiaobei, ni mtu mzuri, kasema atanichangia nusu ya tiketi nikimbebea begi moja mpaka Dar, anasema ni nguo na vipodozi tu. Na mimi mzigo wangu ni begi moja, kilo 23 za begi la pili zinakaa bure. Wenzangu wanasema nachelewa. Mwanafunzi, Guangzhou.

Usibebe.

Najua inauma, nusu ya tiketi ni hela. Na huyo mama anaweza kuwa mkweli kabisa, wafanyabiashara wengi wa Xiaobei ni watu wa haki wanaosomesha watoto kwa hizo nguo. Lakini jiulize swali moja. Guangzhou kuna mawakala wa kago kila kona, wa meli na wa ndege, wanapokea nguo kwa kilo na kuzifikisha Dar. Kwanini nguo zake zikuhitaji wewe, tena kwa bei ya nusu tiketi?

Uwanja wa ndege utaulizwa, begi hili umefunga mwenyewe? Ukisema ndiyo umedanganya, ukisema hapana umeshaingia kwenye maelezo. Na sheria ya China haina huruma kwa mtoto wa mtu, kuanzia gramu 50 za heroini adhabu inaweza kufika kifo. Gramu 50 ni uzito wa yai la kuku, zinakaa ndani ya soli ya kiatu usizione. Huku kwetu nako tangu ile sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 kuna kifungo cha maisha. Yupo padri mmoja wa Australia, John Wotherspoon, aliyehudumia wafungwa Hong Kong miaka mingi, ambaye alisambaza barua za wafungwa wakiwemo Watanzania, wakiwasihi vijana wa nyumbani wasikubali kubeba.

Mjibu kwa heshima, "mama nisamehe, baba yangu kanikataza kubeba mzigo wa mtu". Mtumie baba, ndo kazi yake. Kama ni mtu mzuri kama unavyosema hatakasirika. Na begi la pili liache nyumbani.

Habari Anti. Pasipoti yangu imebakiza miezi mitano, na kibali cha kuishi kinaisha tarehe 10 mwezi wa tisa, chuo kinafunguliwa tarehe 1. Nirudi tu au? Chengdu.

Salama. Kwa tarehe hizo kibali bado kitakuwa hai, ila umeacha siku tisa tu, ndege ikikwama au ukiugua umekwisha. Kibali kikiisha ukiwa nyumbani hakiongezwi, unaanza viza upya ubalozini na karatasi mpya za chuo, na Septemba watu wanakuwa wengi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni waulize kama wanaweza kukuongezea kabla hujaondoka. Wakikwambia hapana kwa sababu ya pasipoti, basi pasipoti ndo ya kwanza.

Pasipoti yenyewe fomu unajaza mtandaoni Uhamiaji, unahitaji namba ya NIDA, hii mpya ya kielektroniki iliyoanza Januari 2018 ni shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi. Ukifika Jumatatu, Jumanne uwe umeshaanza, usisubiri ukasalimie ukoo wote kwanza. Ya zamani usiitupe, kibali chako kimegandishwa mle, utasafiri na zote mbili. Kadi ya homa ya manjano haina tena mwisho wa miaka kumi, tangu Julai 2016 ni ya maisha, ibebe tu. Na ukirudi Chengdu kama unaishi nje ya chuo una saa 24 za kujiandikisha polisi.

Jambo moja nakuomba, na wengine wote mnaosoma. Vyeti halisi na laptopu, au angalau nakala ya kila kitu kilichomo, njoo navyo. Kuna watoto waliokuja likizo ya mwaka mpya wa Kichina Januari 2020 wakiwa na begi la mgongoni, wakasema mwezi mmoja tu. Wuhan ikafungwa tarehe 23 kwa ajili ya korona, mwezi wa tatu China ikazuia wageni hata wenye vibali hai, na wanafunzi hawakuruhusiwa kurudi kwa vibali vyao mpaka Agosti 2022. Miaka miwili na nusu wanasoma kwenye simu, vitu vyao viko bwenini, vyeti viko kwenye droo. Sisemi itatokea tena. Nasema droo siyo pa kuachia cheti.

Dada yangu habari, mimi ni mama, niko Morogoro. Mwanangu anasoma uhandisi China kwa Kichina, yuko mwaka wa pili wa digrii baada ya ule wa lugha. Amekuja likizo wiki ya tatu hii. Anashinda amelala, usiku yuko na simu, hasalimii wageni, ugali anaugusa tu. Nikimuuliza masomo ananijibu "vizuri" anaingia chumbani. Baba yake anasema amekuwa na majivuno ya ulaya. Mimi moyo wangu unakataa. Mama wa Moro.

Pole sana dada. Moyo wako naomba uusikilize kuliko maneno ya shemeji.

Kuchanganyikiwa kwa usingizi kupo, kati ya kule na hapa kuna saa tano, mtu anayefika wiki ya kwanza anasinzia saa moja jioni na anaamka saa nane za usiku macho makavu. Lakini hilo linaisha ndani ya wiki. Wiki ya tatu kulala mchana kutwa si ndege tena.

Naomba nikwambie kusoma kwa Kichina kukoje, labda yeye hawezi kukwambia. Mwaka wa lugha unamalizika na mtihani unaitwa HSK, wengi wanaingia na daraja la nne, na daraja la nne linakutosha kununua mboga na kuongea na mwenye nyumba. Halafu unaingia darasani na Wachina mia, mwalimu anaongea haraka anaandika ubaoni kwa mkono wa daktari, na somo ni hesabu za mitambo. Mimi muhula wa kwanza nilikuwa nanakili ubao kama anayechora, nikifika bwenini naanza kutafuta neno mojamoja mpaka saa nane usiku. Nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu dada, na sasa nikawa wa mwisho darasani, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umenisindikiza. Aliyesindikizwa na mtaa hajui aanzie wapi kusema "nimefeli somo".

Tena wenye ufadhili wanapimwa kila mwaka kama waendelee. Inawezekana kabisa mtoto amerudi na barua kwenye begi hajakuonyesha, na inawezekana pia hamna barua, ni upweke tu umemkaa. Sijui, wewe ndo utajua, ila hutojua kwa kuuliza "masomo vipi". Hilo swali lina jibu moja na ameshakupa. Muite jikoni. Mwambie akuoneshe kupika kitu anachokula kule, hata kama ni mayai na nyanya, wanayo hiyo, ni rahisi na vitu vyote viko kwako, na wakati vitunguu vinakatwa usimwangalie usoni. Muulize chumba chake kina dirisha upande gani. Muulize nani anamuamsha akiumwa. Kisha nyamaza, na kama atasema kitu kibaya, usipige kelele, usimwite baba yake siku hiyo. Useme "asante kwa kuniambia". Barua ya ufadhili ina njia, kuna kurudia mitihani, kuna kubadilisha chuo, hata kurudi kuanza hapa nyumbani siyo msiba.

Na shemeji umwambie hivi, mtu mwenye majivuno anataka kuonekana. Huyu anajificha.

Lakini dada, ukisikia anasema hana haja ya kuishi, au hali kabisa, au anaanza kugawa vitu vyake, usingoje likizo iishe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia huduma ya afya ya akili, nenda naye wewe mwenyewe, siyo na kaka zake.

Assalaam alaykum Anti. Mimi nasoma Changsha, kwetu Tanga. Bibi mzaa mama ndo kanilea tangu nina miaka mitatu. Nimefika mwezi wa saba, stendi nikauliza bibi mbona hajaja, wakanyamaza, dada akaanza kulia. Bibi alifariki mwezi wa pili. Miezi mitano kila nikipiga wananiambia amelala, kaenda kwa shangazi, simu yake mbovu. Chumba chake nimekuta mashine ya kushonea, kitanda hamna. Mama siongei naye wiki ya pili hii. Nabakiza wiki tatu nirudi. Nina hasira na sijui niiweke wapi. Kwenye WeChat, ile app ya Wachina ya kutumiana ujumbe, bado nina sauti za bibi, alikuwa anatuma nyingi na ndefu, zote sijazisikiliza. Mjukuu, Tanga.

Waalaykum salaam mwanangu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole, pole sana. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena kesho yake.

Hasira yako ina haki. Hakuna anayepaswa kuujua msiba wake stendi. Na mimi yalinipata, babu yangu alifariki Novemba, mimi nikiwa na mitihani ya muhula, na nilijua Januari kwa sababu binamu aliniandikia "pole na msiba" akidhani nimeshaambiwa. Nilikaa kwenye ngazi za bweni sijui hata nimlilie nani. Kwahiyo usiniambie "anti hunielewi".

Sasa nisikilize. Kwetu msiba hauletwi na simu, unaletwa na mtu. Mtu mzima anakuja, anakukalisha, anakuuliza umekula, wengine wameshajaa nyuma yako, ndo anatamka, na ukianguka kuna mikono. Waliokuwa mbali zamani walikuwa wanapelekewa ujumbe "unaitwa nyumbani", basi, na walipoona watu barazani wakajua wenyewe. Wazee hawakuwa waongo, walikuwa wanakataa mtu aupokee msiba akiwa peke yake. Sasa mtazame mama yako mwezi wa pili. Amerudi kutoka kuzika, amesali isha, ni saa mbili usiku Tanga, kwako ni saa saba usiku, geti la bweni limefungwa. Anashika simu. Nani atakushika wewe ukishasikia? Akaiweka chini. Kesho yake ikawa ngumu zaidi ya jana, na wiki iliyofuata ikawa ngumu zaidi, na kila siku ya kuchelewa ilimwongezea deni la kueleza. Alikosea. Alitakiwa atafute njia. Lakini hakukuficha kwa sababu alikuona mdogo.

Na kuna kitu kwenye barua yako umekiandika bila kukisoma. Bibi mzaa mama. Aliyefariki ni mama yake. Mwanamke amezika mama yake, halafu miezi mitano kila ukipiga anakaa anacheka na wewe, anakuuliza umekula nini, anakwambia "bibi kalala". Yeye hajapata siku ya kumlilia mama yake na wewe, na wewe ndo mtoto aliyelelewa na mikono ileile. Nyie wawili ndo wenye msiba kuliko wote katika nyumba hiyo, na ndo hamuongei.

Nenda kwake. Usianze na "kwanini ulinificha", hilo lina siku yake na utalisema, ni haki yako. Anza na "mama niambie siku ile ilikuwaje". Alfajiri au jioni, nani alikuwepo, alisema nini mwisho, nani alimuosha, alizikwa saa ngapi, mvua ilinyesha au jua lilikuwa kali. Muache aseme yote hata kama itachukua usiku. Wenzako walipata hayo yote kwa macho yao, walishika jeneza, walikaa matanga, walisoma hitima, arobaini ikapita, wakalia wakachoka. Wewe umefika wenzako wameshachoka kulia, wanakuona kama unafukua. Hujachelewa, ndo kwanza msiba wako umeanza. Muombe mjomba akupeleke kaburini. Waombe wakusomee bibi dua nyumbani hata siku moja, baada ya magharibi, mkeka, tende na kahawa, watu kumi wa jirani wanatosha, hakuna anayehitaji pilau. Na uwepo wewe unayepokea watu mlangoni, waje kukupa pole wewe. Kitanda kimeondoka, lakini kanga hazitupwi, tasbihi haitupwi, ulizia ziko kwa nani, omba kimoja.

Hata ungeambiwa siku ileile usingewahi kuzika, bibi kazikwa siku hiyo au kesho yake, na Changsha mpaka Tanga usingefika. Sisemi hili ili upoe, nalisema kwa sababu najua usiku unajiambia "ningewahi".

Kabla hujaondoka kaa na mama, mkubaliane kwa midomo yenu. Likitokea jambo, asikupigie wewe kwanza. Mpe namba ya Mtanzania mmoja hapo Changsha unayemuamini, mkubwa wako kidogo, na huyo umwambie kazi yake: akipigiwa, avae viatu aje mlangoni kwako, aingie, akae, ndo aseme, na asilale kwake usiku huo. Hivyo ndo tulivyofanya sisi Wuhan baada ya yangu, na yalipomfika mwenzetu wa Iringa mwaka uliofuata tulikuwa wanne chumbani kwake kabla hajajua kwanini tumekuja.

Umeniandikia mwishoni kwamba kwenye WeChat bado una sauti za bibi, ulizokuwa hujazisikiliza zote kwa sababu alikuwa anatuma nyingi na ndefu. Usibadilishe simu kabla hujazitoa. Zile sauti hazitumwi kwa mtu mwingine kirahisi, na simu ikifa zinakufa nayo. Chukua simu ya dada yako, iweke kwenye kurekodi, funga mlango na dirisha, zicheze moja moja kuanzia ya zamani. Muite mama akae hapo.